Bati la mita tano limegombanisha kijana na baba yake mdogo

SWALI

Babu Fundi, shikamoo.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nauza dagaa pale Kirumba, hapa Mwanza. Mume wangu yuko Ukerewe kwenye uvuvi, huja nyumbani mwisho wa mwezi. Tunajenga Buhongwa, kwenye kiwanja cha mteremko kama ujuavyo viwanja vya huku kwetu. Nyumba imefika kwenye lenta na tunataka kupaua kabla mvua hazijatukuta. Fundi ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, na tangu msingi mpaka leo kazi yake sijailalamikia.

Tatizo limeanza kwenye bati. Nyumba ni mita 12 kwa 8, paa la pande mbili. Shemeji ameniandikia karatasi ya dukani: bati 32, kila moja mita 5. Kijana wangu yuko Kidato cha Pili, wamefundishwa hizi hesabu za pembetatu. Akachukua tepu, akapima kwenye korido kutoka ukuta wa mbele hadi wa nyuma, akapata mita 7.70. Akagawa kwa mbili. Baba yake mdogo alishamwambia kwamba katikati paa litapanda mita 1.60 kutoka juu ya ukuta. Akapiga hesabu, akaniambia bati linatakiwa mita 4.17, si mita 5. Akazidisha ile tofauti kwa bati 32, akapata zaidi ya mita 26, akasema mbele ya vibarua kwamba tunaibiwa. Shemeji alikusanya vifaa vyake akaondoka. Nilipomuuliza kijana mbona ramani inasema mita 8, akanijibu kwamba bati ni la kufunika watu, si la kufunika ukuta.

Kesho yake akaazima tepu ndefu, akapanda na mwenzake juu ya ukuta. Anasema kuta za mbele na nyuma ni mita 12 zote mbili, za pembeni mita 8 zote mbili, nje kwa nje. Lakini kona kwa kona upande mmoja ni mita 14.30 na upande wa pili mita 14.54. Shemeji kwenye simu anasema hiyo si kitu, tepu ilining'inia.

Halafu kuna mkaratusi wa jirani, uko juu yetu mlimani, mita 13 kutoka ukuta wa nyuma, na umeinamia kwetu. Jirani anasema hata ukianguka hautufikii. Kijana alipima kwa kipimapembe cha shule: alisimama mita 20 kutoka kwenye mti, ncha ikawa nyuzi 42, akasema mti una mita 19 na nusu. Jirani alicheka.

Babu, nimsikilize nani? Mume wangu anarudi wiki ijayo na sitaki akute nimevunja undugu kwa sababu ya bati.

Mama wa Buhongwa

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa ujenzi.

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Shemeji yako hajakuibia hata sentimita moja. Bati la mita 5 ndilo lenyewe. Lakini kwenye kona kijana wako ameona jambo la kweli, na tepu kuning'inia si jibu. Kwenye mti amekaribia, ila kuna kipimo kimoja hakukichukua.

Hesabu yake ya bati nimeirudia mwenyewe. Nusu ya 7.70 ni 3.85. Mraba wake ni 14.82, mraba wa 1.60 ni 2.56, jumla 17.38, kipeuo cha pili ni 4.17. Mwalimu wake angempa alama zote. Shida ni kwamba amekokotoa pembetatu ambayo haipo juu ya nyumba yako. Shuleni pembetatu huja imeshachorwa ubaoni, kazi ya mwanafunzi ni kujaza upande unaokosekana. Saiti hakuna aliyekuchorea. Unaichagua mwenyewe, na unaichagua kwa pale unapoweka ncha ya tepu. Ukiiweka pasipo pake, kila kinachofuata kitakuwa sahihi na bado utapoteza hela.

Yeye aliiweka kwenye uso wa ndani wa ukuta. Tofali zenu ni za inchi sita, yaani sentimita 15 kila upande, ndiyo maana ndani kuna 7.70 na nje kuna 8.00. Bati lake la mita 4.17 lingetoka mgongoni, pale kileleni mwa paa, likaishia pale pale alipopimia, kwenye uso wa ndani. Maji yote ya paa yangemwagika juu ya tofali. Mvua ya hapa Mwanza huja na upepo wa ziwani, hainyeshi wima ikakuonea huruma. Msimu mmoja tu ungeanza kuona plasta inavimba chumbani. Kwa hiyo mwambie kwamba bati ni la kufunika watu, sawa, lakini na ukuta ni mtu.

Sasa tupige ya shemeji yako. Simama pembeni mwa nyumba, upande wa mita 8, utazame juu. Kutoka uso wa nje wa ukuta hadi usawa wa katikati ni mita 4.00. Hapo katikati paa limepanda 1.60. Gawa 1.60 kwa 4.00 unapata 0.4. Kijana ataitambua hiyo, ndiyo tanjenti ya pembe ya paa, na ukiirudisha nyuma kwenye simu inakupa nyuzi 21.8. Baba yake mdogo huenda hajawahi kulisikia neno tanjenti, lakini muulize mteremko wa paa atakujibu bila kufikiri: mita moja nenda, sentimita 40 panda. Ni kitu kile kile. Mafundi wengi wa kupaua wanaitembeza kichwani miaka yote.

Katika mteremko huo, kila mita moja unayoipima chini kwa usawa inakuwa mita 1.077 ukiipima juu ya kenchi, yaani ile fremu ya mbao inayobeba bati. Kijana akitaka kuihakiki, achukue 1 agawe kwa kosaini ya 21.8. Namba hiyo muiandike kwa mkaa ukutani, itawafaa mpaka mwisho wa kazi.

Lakini bati haliishii kwenye ukuta. Lina upenu, ile sehemu inayotokeza nje ya ukuta. Shemeji yako hakukuandikia upenu ni kiasi gani, ila kwa urefu aliotaja ni wazi amekusudia sentimita 60, na ni kipimo kizuri kwa mvua zetu. Basi upande wa chini wa pembetatu si 3.85, wala si 4.00. Ni 4.60. Zidisha kwa 1.077, unapata mita 4.95. Ongeza sentimita 5 za bati kuipita fishabodi, ubao wa ukingoni mwa upenu, ili maji yadondoke chini yasirudi kuozesha mbao. Hizo ni mita 5. Kama kuna milimita imezidi, kofia ya mgongoni inaimeza.

Unaona alivyofika? Hakupunja wala hakuzidisha. Kosa lake ni kuandika «mita 5» kwenye karatasi bila kumweleza mwenye nyumba imetoka wapi, na hilo ni kosa la mafundi wengi. Fundi anayekataa kuelezwa na fundi anayekataa kueleza, wote huwa wanasumbua vile vile.

Neno moja kuhusu kununua. Bati za msauzi hukatwa kwa oda, na zikishakatwa duka halizipokei tena. Kwa hiyo usilipie kwa hesabu ya mtu yeyote, hata hii yangu. Acha kenchi ya kwanza isimamishwe mahali pake, mtu apande na tepu, apime kutoka mgongoni hadi mwisho wa upenu juu ya mbao yenyewe. Ikisoma 4.95 au jirani yake, nenda dukani.

Tuje kwenye kona, na hapa naomba shemeji anisikilize.

Nyumba ya 12 kwa 8 iliyokaa kwenye skwea, yaani kila kona nyuzi 90, ina kona kwa kona moja tu, na ni mita 14.42 pande zote mbili. Mraba wa 12 ni 144, wa 8 ni 64, jumla 208, kipeuo chake 14.42. Kijana amepata 14.30 na 14.54. Tepu ikining'inia husoma zaidi ya urefu wa kweli, kweli kabisa, lakini ingeongeza pande zote mbili. Haiwezi kuongeza upande mmoja na kupunguza mwingine sentimita 12 kwa 12. Na kwa kuwa kuta zinalingana mbili mbili, nyumba haijapanuka wala haijasinyaa. Imelala upande tu, kama kiberiti ulichokiminya kona.

Imelala kiasi gani? Hapa hesabu za Kidato cha Pili zinalipa karo yake. Mraba wa 14.54 ni 211.41. Mraba wa 14.30 ni 204.49. Tofauti ni 6.92. Gawa kwa 4 mara 12 mara 8, yaani 384. Unapata 0.018. Hiyo ni saini (sin) ya pembe iliyopotea, uzi mmoja, yaani digrii moja, na chembe. Ukisikia uzi mmoja unaona kama si kitu, na ndicho alichokiona shemeji kwa macho. Lakini zidisha 0.018 kwa mita 8 za ukuta wa pembeni: sentimita 14 na ushee. Ukuta wa mbele umesogea kando kwa kiasi hicho ukiulinganisha na wa nyuma.

Usihangaike, hakuna wa kubomoa. Kuta mbili ndefu bado ziko sambamba, na kenchi hukaa juu ya hizo. Kinachotakiwa ni kwamba kenchi zipangwe kwa skwea na ukuta mrefu, zisifuate ukuta wa pembeni. Hapo ndipo kazi huharibika: fundi anaweka kenchi ya kwanza sambamba na ukuta wa pembeni, bati la kwanza linafuata kenchi, na kufika bati la kumi ukingo wa chini umeshakuwa ngazi, kila bati limeruka mwenzake. Halafu linaanza kukatwa kwa msumeno ili paa lionekane limenyooka, na pale lilipokatwa ndipo kutu inapoanzia.

Wafanye hivi. Juu ya ukuta mrefu, kutoka karibu na kona, wapime mita 3 wapige alama. Kwenye uzi unaovuka kwenda ukuta wa pili wapime mita 4. Uzi usogezwe mpaka alama hizo mbili ziachane mita 5 kamili. Uzi huo ndio skwea yenu, na kenchi zote zifuate huo. Kama nafasi inaruhusu, 6 na 8 na 10 ni bora zaidi, kwa sababu kosa dogo la mkono linakuwa dogo zaidi kwenye kipimo kirefu. Shemeji yako anaijua hii, aliitumia kwenye msingi au alipaswa kuitumia, tusifukue.

Sentimita 14 zilizopotea zitaonekana kwenye upenu wa pembeni. Kona moja bati litatokeza sentimita 25, kona ya pili ya ukuta ule ule litatokeza 39. Upande wa pili wa nyumba ni kinyume chake. Mpita njia hataona, labda awe fundi mwenye roho mbaya. Paa lote litahitaji mita 12.64 kwa urefu, na kama duka limewaambia bati moja linafunika sentimita 80 baada ya kulaliana, basi 16 kila upande zinafunika mita 12.80. Yaani zile 32 za shemeji zinatosha hata baada ya kuhesabu kasoro. Ila muulize muuzaji upana unaofunika, asikutajie upana wa bati zima likiwa limelazwa dukani.

Haya, mti.

Kijana amefanya vizuri kutumia kipimapembe badala ya kivuli. Kivuli kinafaa uwanja wa mpira. Kwetu kwenye Jiji la Miamba kivuli kinapanda jiwe, kinashuka bondeni, utapima mpaka jua lizame. Alichokifanya ni 20 mara tanjenti ya 42, ambayo ni 0.90, akapata 18, akaongeza mita moja na nusu ya kimo cha macho yake. Kama mti ungesimama tambarare sawa na miguu yake, hiyo ingekuwa sahihi.

Lakini umeniandikia kwamba mti uko juu yenu. Maana yake shina haliko usawa wa miguu yake. Linaweza kuwa juu hata ya macho yake. Sehemu ya zile mita 18 si mti, ni kilima, na ndiyo maana jirani alicheka, ingawa yeye naye hajapima kitu.

Arudi pale pale aliposimama. Achukue kipimapembe cha kwenye mkebe wa hesabu, afunge uzi kwenye tundu la katikati, mwisho wa uzi aning'inize nati au kijiwe. Ageuze upande ulionyooka uwe juu, autazamie kama anayelenga kwa manati. Akitazama mbele kwa usawa, uzi unakata kwenye 90. Akiinua kuelekea ncha ya mti unakwenda kwenye 48, na tofauti na 90 ndiyo ile 42 aliyoipata. Mwenzake ndiye asome uzi, kwa sababu anayelenga akishusha jicho kusoma, mkono unashuka naye. Sasa alenge tena, safari hii kwenye shina pale linapoingia ardhini.

Tuseme amepata nyuzi 8 juu ya usawa. Tanjenti ya 8 ni 0.14. Atoe kwenye 0.90, inabaki 0.76. Zidisha kwa 20: mti una mita 15.2. Kimo cha macho hakiongezwi hapa, kimeshajitoa chenyewe. Kama shina liko chini ya usawa wa macho, badala ya kutoa anajumlisha.

Mita 20 nazo azihakiki. Zinatakiwa kuwa za usawa. Kwenye mfano huo, tepu ikilazwa chini kufuata mteremko itasoma karibu nusu mita zaidi. Waishike kwa usawa, vipande vifupi vifupi, na timazi ikishuka kwenye ncha kuonyesha pa kuanzia kipande kinachofuata. Vivyo hivyo na zile mita 13 kutoka mti hadi ukutani. Na kabla ya yote aandike tan 45 kwenye simu. Ikimpa 1, aendelee. Ikimpa 1.62, simu haisomi nyuzi, inasoma radiani, aibadilishe kwanza.

Hiyo 8 nimeiweka mimi, yenu itakuwa yenu. Lakini angalia: hata mti ukipungua kutoka 19.5 hadi 15.2, bado unazidi mita 13, na unaanguka kutoka juu kuja chini. Kwa mfano huu kijana alikosea kimo, na jirani akakosea jibu.

Upande wa undugu sina hesabu ndefu. Kuhoji namba si utovu wa adabu, hela ni zenu. Kumwita baba yake mdogo mwizi mbele ya vibarua wake ndiko kunakoomba radhi, na kijana aende mwenyewe kwa miguu, si kwa simu yako. Akimaliza amwombe waisimamishe kenchi ya kwanza pamoja, mmoja akishika tepu mwingine akiandika. Habari ya kona usiibebe wewe. Mwachie mume wako akirudi amkalishe mdogo wake pembeni wakiwa wawili, na karatasi ya kijana iwe mkononi. Shemeji akiambiwa na kaka yake kwamba nyumba imelala sentimita 14, ataona aibu kidogo na kurekebisha kenchi. Akiambiwa na wewe, ataona mama na mwanawe wamemgeukia.

Kwa jirani nendeni wanaume wawili na vipimo vyote viwili, ncha na shina, na kama bado anacheka mwiteni mwenyekiti wa mtaa aje atazame kijana anavyopima. Mti ushushwe kwa kamba kuelekea juu ya mlima, matawi ya upande wenu yakitangulia, na yote hayo yaishe kabla bati halijapanda.